Aliyelisukuma Gari la Thawin

Wanafunzi wangu hunicheka kwa sababu ya jiwe. Kila ninapoegesha gari, hata mahali tambarare kabisa, navuta breki ya mkono, naingiza gia ya kwanza, nazima injini, nashuka, halafu nalisukumia jiwe chini ya tairi la nyuma. Kisha nasimama kidogo kulitazama gari. Wanasema Mwalimu Prayong amezeeka, anaogopa gari litamkimbia kama mke. Mke wangu alishafariki, kwa hiyo utani wenyewe hauna hata akili, lakini nawaacha wacheke. Nimefundisha udereva hapa Phrae, kaskazini mwa Thailand, kwa miaka thelathini na moja, na nusu ya mji huu imewahi kunizimia injini katikati ya njia panda.

Mwaka jana, mwezi wa pili, siku zile moshi wa mashamba unapofunika milima na watu wote wanakohoa, gari la kijivu liliingia uwanjani kwangu. Liliendeshwa na mwanamume nisiyemjua, aliyeshuka, akamkabidhi ufunguo mwanamke aliyekuwa pembeni yake, akaondoka kwa pikipiki iliyokuwa ikiwafuata. Sikuhitaji kusoma namba. Nililijua kwa buti lake, lenye mbonyeo mdogo chini ya taa ya kushoto. Nikavificha viganja vyangu mfukoni.

"Mwalimu, naitwa Bualai," mwanamke alisema, akikutanisha viganja kunisalimu. "Mke wa Thawin, seremala wa mbao za msaji. Labda umewahi kusikia habari zake."

"Nimesikia."

"Basi umesikia mabaya." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka kulia. "Nataka nijue kuendesha. Na nataka nijifunzie hili hili, sio gari lako. Ndilo nitakalompelekea hospitali."

Akanieleza huku tumesimama juani. Moyo wa mumewe ulikuwa umechoka. Madaktari wa mjini walitaka kumpasua mwezi wa nne, na kabla ya hapo wamwone kila wiki. Thawin alikuwa hataki. Alikataa gari la jirani, alikataa gari la wagonjwa, alikataa hata basi. Alisema anadaiwa uhai mmoja na sasa wamekuja kuuchukua, waacheni wachukue.

"Mimi nikiendesha mwenyewe hatanikatalia," Bualai alisema. "Miaka ishirini na mbili hajawahi kunikatalia kitu, ila mbwa wa tatu."

Nikamwambia aje kesho saa mbili asubuhi. Alipoingia ofisini kujiandikisha, nilibaki nyuma ya gari lile. Buti lilikuwa na vumbi jepesi, na kwenye vumbi palikuwa na alama mbili safi za viganja, vya mtu mrefu kama mimi.

Sasa niseme nilichofanya, maana msomaji hana kosa, kwa nini nimzungushe.

Kwetu uwanja wa magari ukijaa, hakuna anayerudi nyumbani. Unaegesha nyuma ya magari ya wenzako, unawazibia njia, lakini unawazibia kiungwana: unanyoosha matairi, unatoa gia, unashusha breki ya mkono, unafunga milango na kwenda zako. Anayetaka kutoka atalisukuma gari lako kwa mikono, mbele au nyuma, mpaka apate upenyo. Ukiacha breki imevutwa utatangazwa kwenye kipaza sauti na kutukanwa na watu wazima. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi hivyo, kwa majivuno, kama sehemu ya adabu.

Miaka sita kabla ya siku hiyo ya Bualai kulikuwa na sikukuu kwenye hekalu la kilimani. Nilikwenda kutoa sadaka, na nilipotaka kutoka nikakuta gari la kijivu limeniziba. Nilikuwa na mwanafunzi ananisubiri mjini. Nikaweka viganja kwenye buti, nikasukuma. Likaenda kirahisi, kirahisi mno kwa uwanja ambao kila mtu alisema ni tambarare. Likasimama lenyewe karibu na ukingo, pale lami inapoanza kuteremka kuelekea lango. Niliona ukingo, siwezi kusema sikuuona. Palikuwa na mawe mengi chini ya ukuta, hatua tano tu kutoka pale. Nikatazama saa yangu, nikaingia garini, nikatokea lango la nyuma.

Inawezekana upepo ulilisukuma, au mtu mwingine aliliegemea. Lilishuka kimya, kwa sababu gari lisilo na injini halitoi sauti, na chini langoni alikuwa amekaa Bibi Khamnoi na beseni lake, akitunga mashada ya asumini, mgongo ameupa mteremko.

Niliposikia kwamba limemuua nilirudi. Ndiyo, nilirudi, nikasimama kwenye kundi la watu. Thawin alikuwa amepiga magoti kwenye maua, akirudia, "Niliacha sawasawa, niliacha sawasawa." Polisi akamuuliza ni nani aliyelisukuma. Akasema hajui. Polisi akasema basi, asipojulikana, mwenye gari ndiye mwenye jambo. Nami nilikuwa karibu kiasi cha kuona mate yaliyokauka kwenye midomo yake, na sikufungua mdomo wangu. Toka siku hiyo natembea na jiwe.

*

Bualai alikuwa mwanafunzi mzuri, na jambo hilo lilinitia uchungu. Asubuhi ya kwanza alitaka kurukia usukani kama wote. Nikamtoa nje.

"Kwanza lizunguke," nikamwambia. "Tazama matairi. Inama, tazama chini: paka, kuku, mtoto wa jirani. Hakuna kioo kitakachokuonyesha kilicho chini ya gari."

"Na Mama wa gari?"

"Msalimie. Haidhuru."

Akakutanisha viganja mbele ya usukani, akamwamkia roho mlinzi wa gari kwa heshima zote, akamwomba radhi kwa kuwa mjinga. Halafu nikampanga: kiti mpaka mguu ukanyage klachi hadi mwisho na goti libaki limekunjika, kioo cha ndani, vioo vya pembeni, mkanda. Hakikisha gia haipo, mguu kwenye breki, ndipo uwashe. Aliwasha. Na gari lote likajaa harufu ya asumini.

Nikatazama kioo cha ndani, pale watu wanapotundika mashada. Hapakuwa na kitu, hata uzi.

"Unatumia manukato?" nikauliza.

"Mimi? Manukato yangu ni gundi ya mbao." Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Kumbe na wewe unaisikia. Nilikuwa nadhani ni mimi tu na kaka Thawin." Kwetu mke humwita mumewe kaka. "Nimeliosha hili gari mpaka nimeosha mazulia. Harufu haitoki. Na zile alama huko nyuma kwenye buti, umeziona? Nafuta leo, vumbi likitua kesho zipo."

"Labda ni watoto."

"Mwalimu, watoto gani wana viganja kama sahani?"

Nikamwambia aangalie barabara. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

Tukaendelea wiki nne. Nilimfundisha kushika usukani kwa mikono miwili na kutoegemeza mkono kwenye gia. Nilimfundisha kutazama vioo kabla ya kuwasha taa ya kukata kona, kutazama tena kabla ya kukata, kupunguza mwendo mapema ili asikanyage breki kama anayeua nge. Njia nzima alikuwa akiniongelesha. Hivyo ndivyo nilivyoyajua mambo ambayo kwa miaka sita nilikuwa nimekimbia kuyajua: kwamba Thawin hakuwahi kushika usukani tena, kwamba aliacha kutengeneza vitanda na sasa hutengeneza vibanda vya mizimu tu, vile vijumba ambavyo watu huviweka uani ili roho zikae humo, na kwamba hula akiwa amesimama, kwa haraka, na hawezi kumaliza bakuli. Na kwamba kila siku ya ibada Bualai hubeba matunda na kwenda nyumbani kwa Chansom, binti wa Bibi Khamnoi anayeishi na baba yake mzee, kupiga magoti na kuinamisha paji la uso mpaka sakafuni, kuomba radhi kwa niaba ya mumewe.

"Miaka sita?" nikauliza.

"Miaka sita. Magoti yangu yana sugu, nikuonyeshe?"

"Hapana, tazama mbele."

"Chansom hana neno. Ananiambia dada, inatosha. Lakini naona bado anatazama mikono yangu, kama vile nimeacha kuleta kitu."

Nilimjua Chansom. Nilikuwa nimemfundisha kuendesha mimi mwenyewe, mwaka mmoja baada ya msiba. Katika mafunzo yale alilia mara mbili kwenye usukani, nami nikampa leso.

Wiki ya tatu tulifanya zoezi la mlima. Nilikuwa nimechagua barabara fupi nyuma ya ghala la tumbaku, mchana kweupe, hakuna mtu. Nikamwambia asimame katikati ya mwinuko, avute breki ya mkono, atoe mguu kwenye breki ya chini na asikilize gari. Akavuta. Meno ya breki yakalia kwa mpangilio, safi. Akatoa mguu. Gari likatulia.

Nikatazama kioo cha upande wangu, kwa mazoea tu. Nyuma ya gari, karibu kabisa na tairi, bibi alikuwa amekaa chini. Mgongo ametugeuzia. Nywele nyeupe amezifunga kwa kitambaa cha bluu, na kiwiko chake kilikuwa kikipanda na kushuka kama cha mtu anayetunga maua kwenye uzi.

"Usiachie breki!" nilipiga kelele. "Bualai, usiachie!"

Nilijitupa nje nikasahau hata kufunga mlango. Nyuma palikuwa na lami, na vumbi, na zile alama mbili za viganja. Nilipiga magoti nikatazama chini ya gari. Nikakaa pale mpaka magoti yakauma. Niliporudi, Bualai alikuwa ameganda, mikono miwili imeshika kile kishikio cha breki.

"Umemwona," alisema taratibu.

"Nimemwona nani?"

"Kaka Thawin humwona hapo hapo. Karibu na tairi la nyuma. Ndiyo maana hapandi." Machozi yalikuwa yakimshuka bila yeye kuyajali. "Lakini wewe ni nani yake, Mwalimu? Kwa nini akutokee wewe?"

Ningeweza kumwambia palepale. Injini ilikuwa inaunguruma, barabara tupu, mwanamke ameuliza kwa lugha nyepesi ya moyo wake, na jibu ni sentensi moja. Nilichosema ni kwamba jua lilinipiga machoni.

Usiku sikupata shida ya kulala, kama mnavyotarajia niseme. Nililala vizuri. Shida ilikuwa asubuhi, nilipojigundua naomba. Niliomba Thawin afe kabla mke wake hajapata leseni. Nimelisema. Akifa, hakuna tena wa kumwambia, na siri inabaki jiwe tu chini ya tairi. Nikanawa uso, nikaenda kazini, nikamfundisha mke wake kuegesha.

Sehemu ya kuegesha nilimfundisha kuliko wanafunzi wote. Simama kabisa. Mguu ubaki kwenye breki. Vuta breki ya mkono mpaka igome, ingiza gia, zima, toa ufunguo. Kabla hujafungua mlango tazama kioo, geuza na shingo, fungua kwa mkono wa mbali ili mwili ugeuke wenyewe uone nani anakuja. Na kamwe, kamwe, usiache gari huru ili mtu mwingine alisukume, hata uwanja ukijaa, hata wakutangaze kwa jina.

"Lakini watu wote wanafanya," alisema Bualai.

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unafundisha. Jirani yangu kaniambia."

"Nilikuwa nafundisha," nikasema.

*

Alifaulu mtihani mara ya kwanza. Siku tatu baadaye alinipigia simu saa moja asubuhi. Hospitali walikuwa wanawasubiri saa sita. Gari lipo tayari, kalizunguka mara mbili, kamwamkia Mama wa gari, na Thawin amekaa kwenye ngazi ya nyumba, hataki kushuka.

"Njoo, Mwalimu. Wewe unaogopwa. Labda atakusikiliza."

Nilikwenda. Njiani nilikuwa na maneno mengi yaliyopangwa, na yote yaliniishia getini. Thawin alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, shati limening'inia mabegani. Alinitazama nilivyokuwa nakuja, na hakuonekana kushangaa. Kwenye karakana nyuma yake vibanda vya mizimu vilikuwa vimejipanga, vidogo, vipya, zaidi ya arobaini, vyote havina mtu.

Nikakaa ngazi ya chini yake. Bualai alikuwa amesimama karibu na gari, ufunguo mkononi.

"Ndugu yangu," nikasema, "panda gari. Deni si lako. Siku ile mimi ndiye niliyesukuma. Nililiacha ukingoni, nikaona mawe, nikaona ukingo, nikaondoka. Nilikuwa nachelewa."

Nilisikia ufunguo ukianguka kwenye kokoto. Thawin hakugeuka.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilikuona. Nilikuwa kwenye kibanda cha tambi, ng'ambo ya uwanja. Ulisukuma, ukafuta mikono kwenye suruali, ukaondoka. Nikaona limesimama ukingoni." Alikwangua ubao wa ngazi kwa ukucha. "Nilijua lile si mahali pa kuacha gari. Nikajiambia, ngoja nimalize bakuli. Tambi zikipoa hazina maana. Nilibakiza mchuzi, nikaunywa na mchuzi."

"Ulimwambia polisi hujui!" Bualai alikuwa amesogea bila sisi kumwona. "Kaka, ulisema hujui aliyesukuma."

"Ningesema namjua, wangeniuliza nimemjuaje. Wangeniuliza nilikuwa wapi." Akanitazama, na sikuona hasira machoni mwake, bora ningeiona. "Nimekusubiri miaka sita, Mwalimu. Si ili unisamehe wala nikusamehe. Nilitaka tu tuwe wawili."

Nilikuwa nimekwenda pale kumtua mtu mzigo. Nilidhani nikisema, kitu kitavunjika na hewa itaingia. Hakikuvunjika kitu. Tulikaa pale wanaume wawili wazima, tunatazama kokoto, na naapa nilisikia faraja ya aibu, ile ya kujua kwamba kuna mwingine. Tungeweza kukaa hivyo mpaka jioni.

"Basi mmemalizana," Bualai alisema.

Hakupandisha sauti. Aliinama akaokota ufunguo, akaufuta kwa mtandio wake wa hariri wa kwendea mjini.

"Wewe ulimaliza bakuli. Wewe ulikuwa unachelewa. Na mimi miaka sita napiga magoti kwa Chansom naomba radhi ya kitu ambacho sikujua hata ni nini. Ndiyo maana haachi kuitazama mikono yangu. Nilikuwa nampelekea maembe!" Alifungua mlango wa nyuma, kisha wa mbele. "Ingieni."

"Bualai," Thawin alianza, "moyo wangu..."

"Moyo wako unakwenda hospitali saa sita. Kwa Chansom ni njiani. Tunapita kwanza, mnasema nyinyi, kwa midomo yenu. Halafu unapasuliwa, na hutanibishia."

Thawin alitazama chini karibu na tairi la nyuma, kwa muda. Sijui aliona nini. Mimi sikuthubutu kutazama. Halafu alishuka ngazi moja moja, akishikilia ubao, akaingia kiti cha mbele, akafunga mkanda mwenyewe. Nikaingia nyuma.

Bualai alilizunguka gari. Aliinama akatazama chini. Alipanga vioo, ingawa hakuna aliyevigusa. Aliendesha vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye, mikono miwili, mwendo wa utulivu, taa ya kona mapema, na hakusema neno hata moja kwa kilomita kumi na moja. Harufu ilikuwa nzito hata nikashusha kioo, na haikutoka.

Nyumbani kwa Chansom alisimamisha gari chini ya kivuli cha ukuta. Akavuta breki, akaingiza gia, akazima, akatoa ufunguo, akatazama kioo, akashuka. Akasimama kando ya ua, mikono kaikunja kifuani.

"Leo sipigi magoti," akasema. "Shukeni."

Chansom alitoka jikoni na nazi iliyokunwa vidoleni, akitabasamu. "Dada Bualai! Unaendesha mwenyewe! Na Mwalimu huyo! Karibuni, mmeshakula?" Ndipo alipomwona Thawin, ambaye tangu siku ile hakuwahi kufika pale, anashuka akishika mlango, anapiga magoti kwenye mchanga. Tabasamu lake likabaki usoni, halijui liende wapi.

Nikapiga magoti karibu na Thawin. Nikasema. Nilisema taratibu, macho chini, sauti ndogo: mimi nililisukuma, nililiacha ukingoni, niliona mawe. Thawin akasema la bakuli. Haikuchukua hata dakika moja.

Chansom hakulia wala hakutukana. Alifuta vidole vyake kwenye sketi, kimoja kimoja, akinitazama mimi, mtu aliyempa leso.

"Sema tena, Mwalimu," akasema. "Sema kwa sauti. Baba yuko ndani, na siku hizi hasikii vizuri."